Mwito wa Baba Katika Mstari wa Penseli

Ilianza Jumamosi tarehe tano Aprili 1975, saa tisa na robo mchana. Najua kwa sababu niliandika papo hapo kwenye daftari langu, na chini ya saa nikaongeza neno moja: "Limelia."

Kilicholia ni sanduku la baba. Lilikuwa la mbao, ukubwa wa mkate mmoja, limepakwa rangi ya kijani ya jeshi. Ndani mlikuwa na transista mbili, betri, na spika ndogo kama kifuniko cha kopo. Baba alikuwa sajini wa simu za upepo, na kwa sanduku hilo aliwafundisha makuruta kugonga herufi, mlio mfupi, mlio mrefu. Lilipochakaa, jeshi likaandika kwamba halifai tena, naye akalileta nyumbani kwetu Arua akanifundisha mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Nilipokosea hakunigombeza. Alisema tu, "Sanduku hapana jua kitu. Kidole ndiyo inajua."

Nyumbani tuliongea Kiswahili cha kambini. Mama ni Mnubi wa Koboko, baba Mlugbara wa Logiri. Kilugbara cha mama kilikuwa cha sokoni tu, na Kinubi cha baba kilikuwa cha kuchekwa na wakwe zake. Mimi nilizijua lugha zote tatu, na katika zote tatu nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu nilikuwa nalo, lakini lilikwama kooni hadi mwingine alitoe. Ndiyo maana nikawa na daftari.

Baba aliondoka Februari 1974 kurudi kambini kusini, baada ya likizo ya siku tano. Mwaka ule watu wengi wa kwetu jeshini waliitwa mikutanoni na hawakuonekana tena. Barua zikakatika. Kila nilipomuuliza mama, alinijibu maneno yaleyale bila kuinua macho kwenye cherehani: "Baba yako iko kazini."

Naandika haya nikiwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Yupo mtu niliyemdanganya katika habari hii, na sasa amekwisha kuzikwa. Angekuwa hai, nisingeandika.

Ubavuni mwa sanduku palikuwa na kishikio cha kuzungusha. Ukikizungusha huku, mlio unapanda. Ukikizungusha kule, unashuka. Kishikio hicho kilivunjika, sanduku likawa bubu, likakaa juu ya kabati chini ya kitambaa cha mama. Kisha mwalimu wetu wa sayansi akatuonyesha kwamba umeme unapita kwenye risasi ya penseli. Aliwasha taa ndogo kwa kipande kirefu cha penseli, ikawaka hafifu. Kwa kipande kifupi ikawaka zaidi. Darasa lilicheka kwa sababu ile taa ilikuwa kama jicho la mlevi. Mimi sikucheka, nilikuwa nafikiria kile kishikio.

Jumamosi ile nilichora mstari mnene wa penseli laini juu ya kadi. Nikabana waya mmoja mwanzoni mwa mstari, na wa pili nikaushika mkononi. Nilipogusa mstari kwa karibu, sanduku likatoa mlio mkali. Nilipogusa mbali, mlio ukawa mzito. Na nilipouburuta waya juu ya mstari, sauti iliteremka bila kukatika, kama mtu anayeshuka mlima huku anaongea.

Mama akaita kutoka uani, "Nini hiyo nalia?"

"Hakuna kitu, mama."

Hayo ndiyo maneno niliyoyatumia kuliko yote utotoni.

Kaka yake mama alikuwa fundi redio, na duka lake lilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya soko. Mtu wa maneno sana, mjomba. Akiniona tu alianza: "Huyu akisalimia hata nzi hashtuki. Haya, salimia tena, wateja wasikie." Siku ile nilimpelekea mchoro, maana kuonyesha karatasi ni rahisi kuliko kueleza. Aliugeuza juu chini, akaugeuza tena.

"Unataka kinanda?"

"Nataka vidole vyake tu, mjomba. Sauti iko. Nataka ya kuiongoza."

"Sauti iko, ya kuongoza hakuna," akasema. "Kama sisi wote hapa." Akacheka, halafu akatazama mlangoni, akaacha kucheka.

Chini ya meza yake alikuwa na likembe, kile kinanda kidogo cha kupigwa kwa vidole gumba. "Mutu moja ya Zaire aliacha hii," akasema. "Alitaka nitie spika ndani, acheze kwa harusi. Nikamwambia rudi Ijumaa. Ijumaa ngapi zimepita, mimi hapana jua." Kibao cha likembe kilikuwa kimepasuka na hakikutoa sauti ya maana. Lakini ndimi zake saba, zilizokatwa kwenye vyuma vya mwavuli, zilikuwa nzima, na mimi sauti yake sikuihitaji.

Nilikaa na kazi hiyo wiki tatu kasoro, kila nikitoka shule. Chini ya kila ulimi nilipigilia msumari mfupi, kichwa chake kikiwa karibu na ulimi bila kuugusa. Kutoka kila msumari nililehemu waya, na ncha ya kila waya nikaibana kwa pini mahali pake juu ya mstari wa penseli. Ukibonyeza ulimi, unagusa msumari, na umeme unapita kwenye sehemu ile tu ya mstari, si zaidi. Kwa hiyo kila ulimi ukawa na sauti yake. Sanduku lilikuwa upande mmoja, likembe upande mwingine, na kati yao zikaenda nyaya mbili.

Kulinganisha sauti ilikuwa kazi ya penseli na raba. Sauti ikiwa juu mno, nilifuta kidogo, mstari ukawa mwembamba, sauti ikashuka. Ikiwa chini mno, niliongeza penseli. Kilichonisumbua ni unyevu. Mvua zilikuwa zimeanza, na asubuhi kadi ilikuwa imevimba, sauti zote nzito, zinayumba. Nikajifunza kuipiga kadi pasi, ile pasi ya mkaa ya mama ikiwa karibu kupoa, na kitambaa juu.

Mama alinikuta. "Sasa unapiga karatasi pasi," akasema. "Sketi ya shule unavaa na makunyanzi."

"Ni kazi ya sayansi."

"Sayansi ya dobi."

Lakini sikuwa nafanya sayansi, wala sikuwa natafuta muziki. Hili sikumwambia mtu. Kwa Walugbara kila mwanamume ana mwito wake mwenyewe, unaoitwa cere. Si jina. Ni sauti inayopigwa kwa koo la juu, nayo ina maneno aliyojichagulia mwenyewe ujanani. Baba akija likizo, akifika pale barabara ya Onduparaka inapokata kuja kwetu, aliupiga. Sauti tatu zinapanda. Ya nne inasimama juu muda mrefu, kisha inateremka polepole, na mwishoni mbili fupi, kama mtu anayebisha hodi. Maneno yake yalisema: Mlango wangu hauna komeo. Majirani walicheka, "Sajini amelewa leo," na baba hakuwa mnywaji kabisa. Kabla hajafika uani mama alikuwa amekwisha kumtilia maji ya kuoga kwenye beseni.

Uso wake nilikuwa nao kwenye picha ukutani. Sauti haikuwa na picha. Miezi kumi na minne ilikuwa imepita, na nilianza kuukosea mwito ule kichwani, mara sauti tatu za kwanza, mara nne. Niliogopa kuupoteza. Kuupiga kwa koo langu nisingeweza hata peke yangu porini.

Ndimi za likembe zilitosha kwa sauti za kupanda na zile mbili za mwisho. Ile inayoteremka haikukubali ulimi. Hapo nikatumia msumari mmoja uliofungwa kwenye waya, nikauburuta kwa mkono juu ya mstari kama siku ile ya kwanza. Ijumaa tarehe ishirini na tano, baada ya shule, ulitoka sawa. Niliusikia kwenye hedifoni za zamani za baba, peke yangu. Niliupiga mara moja, nikaweka kila kitu chini, nikaenda kuchota maji. Nikarudi nikaupiga tena kuona kama bado upo.

Kesho yake, Jumamosi, nilipeleka vyote kwa mjomba. Juu ya nguzo ya duka lake alikuwa na spika kubwa ya tarumbeta ya kujaribia gramafoni, na sokoni kote ilisikika. "Tusikie hiyo kinanda ya bubu," akasema, akaunganisha nyaya. Mimi nilikaa nyuma ya pazia, mahali ambapo mtu wa nje hanioni.

Nikapiga. Mwito wa baba ukatoka juu ya mabati ya Arua, mkubwa kuliko alivyowahi kuupiga yeye.

"Wimbo gani mfupi hivyo?" mjomba akauliza.

"Ni ya baba."

Alikuwa ameshika bisibisi. Aliishusha mezani taratibu. Yeye ni Mnubi, mambo ya cere aliyajua kwa mbali tu, kama majirani zetu. "Piga tena," akasema, na sauti yake ilikuwa nyingine.

Nilipiga mara tatu kwa jumla. Nilipotaka kupiga mara ya nne, mwanamke aliyekuwa akiuza ufuta, sisi tunauita simsim, ng'ambo ya kichochoro alisimama mlangoni. Nilimfahamu, alikuwa wa Logiri, na ndiye aliyekuwa akituletea salamu za mama yake baba. Mikono yake miwili ilikuwa kichwani. Akavuta pazia, akaniona, akaniuliza kwa Kilugbara neno moja, si kwa nguvu:

"Lini?"

Nikadhani anauliza lini nimemaliza kazi yangu. Nilifurahi kwamba mtu ameuliza, nami nikajibu bila kukwama.

"Jana," nikasema. "Jana jioni."

Alirudi kwenye mkeka wake, akakusanya simsim ndani ya kitambaa bila kukifunga vizuri, akaenda zake, na simsim ikimwagika nyuma yake njia nzima.

"Umemwambia nini?" mjomba akauliza.

"Ameuliza lini. Nikasema jana."

"Lini nini?"

Sikujua.

Jumapili saa nne asubuhi baba mdogo alifika kwa baiskeli kutoka Logiri, matope hadi magotini. Ni ndugu wa baba wa tumbo moja, mkulima wa tumbaku, mtu wa salamu ndefu. Siku ile hakusalimia. Hata kiti alichosogezewa hakukikalia. Mama alikuwa akipepeta mchele uani.

"Shemeji, maiti iko wapi?"

"Maiti ya nani?" mama akasema.

"Mama yangu iko chini tangu jana jioni. Amejipaka majivu, hataki kula. Watu wamejaa uani. Wanasema cere ya kaka imepigwa hapa sokoni, na mtoto wake mwenyewe amesema amekufa Ijumaa."

Wote wawili wakanitazama. Nilichukua sanduku na likembe, nikaviweka chini mbele yao, kwa sababu maneno hayakuwepo. Nikabonyeza ndimi tatu za kwanza. Baba mdogo aliinama akazifunika kwa kiganja chake.

"Usirudie," akasema. "Hakuna mutu alikuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Cere ya mutu anapiga mwenyewe. Mimi ni ndugu yake, tumelala mkeka moja, sijapiga yake hata kwa mchezo. Siku moja tu mwingine anapiga. Siku ya kaburi. Na anayepiga ni mrithi." Alijigonga kifuani. "Ni mimi. Watu wanauliza kwa nini mtoto amepiga, mimi niko kimya."

Mtoto yeyote wa Logiri wa miaka sita analijua jambo hilo. Mimi wa mjini, wa sekondari, niliyejua umeme unapita wapi, sikulijua. Na "lini" ya yule mama wa simsim ilinirudia yote sasa.

"Basi," baba mdogo akasema, "nitarudi niseme ilikuwa mchezo ya mtoto. Nitasema kaka iko kazini." Akamgeukia mama. "Iko kazini, shemeji?"

Nilingoja mama ajibu kama siku zote. Aliweka ungo chini, akachagua punje mbili tatu zilizoanguka, akazirudisha. Kisha akaingia ndani. Tukasikia kifuniko cha sanduku la nguo. Alirudi na furushi la kanga, akalifungua juu ya kile kiti ambacho baba mdogo hakukalia.

Vilikuwa viatu vya kahawia vya baba, vile vya likizo. Kisigino cha kulia kilikuwa na kipande cha tairi alichotiliwa na fundi wa hapahapa Arua, kwa sababu baba alikanyagia upande mmoja.

"Rafiki yake alileta Koboko, mwezi wa nane," mama akasema. "Alikuja kwa miguu kupitia mashamba ya Lobule, asionekane barabarani. Alisema niache kutafuta. Alisema ameona kwa macho yake."

"Na wewe ukanyamaza."

"Wale waliolia waliulizwa na askari, nani amewaambia? Mimi nikilia, nitasema nani? Nimtaje yule aliyeleta viatu?"

Baba mdogo alikishika kile kiatu cha kulia, akabonyeza tairi kwa kidole gumba.

Daftari langu la Agosti 1974 lina mstari huu: "Mama amerudi harusini Koboko. Mikono haina hina." Mnubi hatoki harusini bila hina. Niliona, nikaandika, nikageuza ukurasa.

Sikulia pale uani. Nitasema ukweli: kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba, basi, sikukosea. Nilijisikia nafuu kama mwanafunzi aliyesahihishiwa hesabu. Halafu nikatazama kile kiatu mkononi mwa baba mdogo, na nafuu ikaniishia.

Walishauriana kwa muda mfupi. Karani wa chifu alikuwa amekwisha kupita Logiri kuuliza habari za msiba zimeletwa na nani. Kwa hiyo watu wa uani wangeambiwa ni mchezo wa mtoto, waende kwao. Lakini dede, ndivyo tunavyomwita bibi, angeambiwa ukweli ndani ya nyumba, mlango umefungwa, alie kwa chini.

"Utamwambia wewe, shemeji," baba mdogo akasema. "Mimi siwezi. Mwenye viatu ni wewe."

"Kilugbara changu hakifiki huko."

"Mtoto atasema."

Na sanduku lilibidi liende pia, kwa sababu dede alikuwa ameapa hatasikia neno la mtu kabla hajasikia kile alichosikia muuza simsim.

Tulikwenda kwa miguu mchana uleule. Baba mdogo alisukuma baiskeli, sanduku, likembe na hedifoni vikiwa vimefungwa kwenye keria kwa kanga ya mama. Mama alibeba viatu ndani ya kikapu, chini ya sukari na chumvi. Mvua ilitukuta nusu ya njia. Nilivua sweta yangu ya shule nikaifunika kanga, lakini mvua ya mwezi wa nne inatafuta njia yake. Tulipofika ilikuwa saa kumi na moja, jua limetoka tena, na watu uani wakatuachia njia bila kusalimia.

Dede alikuwa ameketi chini, miguu imenyooka, majivu usoni. Alikuwa mwembamba, na ulimi wake hakuna aliyeuweza. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Huyu ndiye anayezika watu kwa likembe," akasema kwa Kilugbara. "Zamani tulisubiri mtu afe. Ninyi wa mjini mnatangulia."

Mama akapiga magoti, akaniambia kwa Kiswahili, "Mwambie kwamba..."

"Kwanza hilo," dede akasema, akinyoosha mkono kwenye sanduku. "Maneno baadaye."

Nikafungua kanga. Kadi ilikuwa imelowa. Haikuwa imechanika, ilikuwa imevimba na kujikunja kidogo, mstari wa penseli uking'aa juu yake kama njia ya konokono. Nilijua kabla sijagusa. Ningeweza kusema, dede, ngoja niikaushe. Ilikuwa sentensi fupi. Ilikwama.

Nikapiga. Sauti ya pili ikatoka chini ya ya kwanza. Ya tatu ikayumba. Ile ya juu haikufika juu, na nilipoburuta msumari, sauti ilikatika, ikaruka, ikakatika, kama ndama aliyezama matopeni. Zile mbili za mwisho hazikulia kabisa.

Dede aliinamisha sikio. "Tena."

Nikarudia. Ikawa mbaya zaidi.

Ndipo akacheka. Alicheka polepole kwanza, bega moja likitikisika, halafu kwa sauti, mpaka machozi yakachora njia kwenye majivu. "Huyu si mwanangu," akasema. "Mwanangu hana koo la mbuzi mwenye kikohozi. Yule wa simsim ana masikio ya kuuzia simsim." Akachukua ncha ya nguo yake akaanza kujipangusa uso. "Leteni maji. Mmenifanya nijipake majivu bure." Nje watu walisikia, na wao wakaanza kucheka na kuitana, na mtu mmoja akaanza kukusanya vijiti vya ngoma.

Mama hakuelewa maneno yote, lakini kicheko hakihitaji kutafsiriwa. Alinishika kiwiko. Mkono wake wa pili ulikuwa ndani ya kikapu, juu ya furushi. "Mwambie sasa," akaninong'oneza. "Mwambie mwanawe hayupo. Mwambie nimejua tangu mwezi wa nane, nikaficha. Mwambie anisamehe."

"Mke wa mwanangu anasemaje?" dede akauliza. Uso wake ulikuwa nusu majivu, nusu safi.

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Yeye alizijua lugha zote mbili. Nilimtazama. Akatazama matope kwenye miguu yake.

Sauti yangu haikukwama. Nilisema kwa Kilugbara safi, kila mtu ndani akasikia: "Anasema tumekusumbua. Anasema baba yuko kazini. Anaomba umsamehe."

"Mwambie nimemsamehe," dede akasema.

Nikamgeukia mama. "Anasema amekusamehe."

Mama aliweka kichwa chake mapajani mwa dede, akalia bila sauti, mabega tu. Dede akampapasa kitambaa cha kichwa. "Aa, basi, basi," akasema, "hata mimi nilishtuka." Hilo sikulitafsiri. Sijui kama mama aliniamini. Mama si mjinga, na kicheko cha uani alikuwa amekisikia. Lakini hakuniuliza siku ile, na hajaniuliza hadi leo.

Tulilala Logiri. Asubuhi niliamka jua limekwisha panda. Jembe la baba mdogo lilikuwa limeegemezwa ukutani, udongo mbichi bado juu yake. Kikapu cha mama kilikuwa na sukari na chumvi tu, furushi la viatu halimo. Nyuma ya banda la tumbaku palikuwa na kipande kidogo cha ardhi kilichosawazishwa kwa mkono, na vijiti vitatu vya muhogo vimechomekwa juu yake. Hakuna mwito uliopigwa. Mrithi alikuwa amekwenda shambani bila kunywa uji.

Dede alikuwa amekaa kivulini akichagua maharagwe, uso safi. Alikuwa amekula. "Litengeneze hilo sanduku lako," akaniambia. "Akija, tumpigie. Atacheka huyo."

Niliiweka kadi kwenye jiwe la jikoni, karibu na makaa, nikaigeuza mara mbili hadi ikanyooka. Nikazirudisha pini mahali pake. Nikavaa hedifoni, nikakaa hatua mbili kutoka kwa dede, nikapiga. Sauti tatu zikapanda. Ya nne ikasimama juu, ikateremka bila kukatika, na zile mbili zikabisha hodi. Ilikuwa sawa yote, sawa kuliko Arua. Dede alitupa jiwe dogo kando, akachukua maharagwe mengine.

Nikatoa raba kwenye mfuko wa sketi. Nilianza upande wa sauti nzito, nikafuta mstari wote kurudi hadi pini ya kwanza, kadi ikawa nyeupe yenye matundu. Nikagusa ndimi zote saba. Sanduku lilikaa kimya.

"Limepona?" dede akauliza.

"Bado, dede."

Nikakung'uta makombo ya raba kwenye sketi, nikasogea kwenye ungo, nikamsaidia kuchagua.